Shangazi, Tunavuka Barabara

Boon Teik alimwamkia yule mzee mara mbili kabla hajaanza kukasirika.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao kando ya njia, kifua wazi, kaptura kuukuu, mguu mmoja kaupandisha juu ya kiti, kikombe cha kahawa mkononi. Mtu wa palepale, ukimtazama tu unajua. Mtu aliyezaliwa mtaani na kuzeekea mtaani, ambaye ukimtajia mlango anakutajia wote waliowahi kuishi ndani yake. Ndiyo maana Boon Teik alimchagua yeye, akawapita vijana wenye kamera waliojaa njia nzima.

"Kaka, samahani," alisema tena kwa Kihokieni, Kichina cha mtaani kwao, safari hii kwa sauti ya juu. "Natafuta Mtaa wa Wafua Bati. Ndio huu?"

Mzee anatazama mbele tu, na tabasamu lake la dharau.

"Hata kichwa hutikisi? Hivi ndivyo mnavyopokea wageni siku hizi?" Boon Teik akasogea, akanyoosha mkono amguse bega. Vidole vikagota ukutani.

Nyuma yake mtu akaangua kicheko.

"Mzee wangu, huyo unamwonea bure! Tangu achorwe hajamjibu mtu. Miaka yote yuko mbele ya duka langu, hajaagiza hata chai."

Boon Teik akapapasa. Kiti kilikuwa cha kweli, kimepigiliwa ukutani kwa misumari mirefu. Mtu alikuwa rangi.

"Ni hili jicho," akasema kwa aibu, akigusa bandeji iliyofunika jicho la kushoto. "Nimepasuliwa jana. Kwa jicho moja sijui kipi kimesimama na kipi kimechorwa."

"Hata wenye mawili wanamwamkia. Juzi kuna mama kampa sigara. Njoo ukae, kabla hujaanza kupigana na ukuta."

Mwenye duka la kahawa aliitwa Eng Kee, mtu wa makamo, taulo begani, tumbo limetangulia mbele. Alimletea kahawa nyeusi na mkate wa kuchoma uliopakwa siagi na jamu ya nazi, bila kuulizwa. Boon Teik akamimina kahawa kwenye kisosi ipoe, kama walivyofanya wazee zamani, na Eng Kee alipoona hivyo akavuta kiti.

"Wewe si mgeni kabisa. Umetoka wapi?"

"Medan, nchi jirani, ng'ambo ya maji. Lakini nilizaliwa hapa George Town."

"Na Mtaa wa Wafua Bati?"

"Ndipo nilipozaliwa."

Eng Kee akajikuna shingo. "Unajua shida yako? Waingereza waliupa kila mtaa jina lao, serikali ikaja na la kwake, na wazee wetu walikuwa na la kwao ambalo halikuandikwa popote. Wewe umekuja na la wazee peke yake. Ramani haikujui, mzee wangu. Kuna alama yoyote?"

"Kulikuwa na fundi wa majeneza. Ubavuni mwake hekalu dogo, mlango mwekundu."

"Fundi majeneza! Si ungesema hivyo tangu mwanzo? Ni pale penye keki."

"Keki?"

"Keki. Utaona mwenyewe. Sasa huko unamfuata nani?"

"Mama yangu."

Eng Kee akatazama zile mvi, akatazama mikono yenye mabaka ya uzee. Akauliza kwa adabu, "Mama atakuwa na umri gani sasa?"

"Amekufa."

"Aaa."

"Nafuata kibao chake."

Hapo Eng Kee akaacha mzaha. Kibao ndicho anachobaki nacho mtu akishazikwa. Ni ubao wenye jina lake, unaokaa kwenye meza ya wazee, wa kufukiziwa udi na kuwekewa chai na wali. Mtu asiye na kibao katika nyumba ya watoto wake anatangatanga huko aliko kama asiye na kwao.

Nyumbani kwa Boon Teik, Medan, kibao cha baba yake kilikuwepo miaka yote, kipo peke yake. Hakuwahi kukijali sana. Lakini mwaka huu mkewe alikuwa amefariki, nao watoto wakaandaa kibao cha mama yao. Alipokwenda kukiweka mezani ndipo alipoona ile nafasi tupu ubavuni mwa baba yake, pana kama pengo la jino la mbele. Mkewe atakuwa na yeye siku zake zikifika. Baba yake hana mtu. Tangu siku hiyo hakupata usingizi mzuri. Alijua kwamba akifa yeye, hakuna mwingine duniani anayekumbuka kwamba kuna mtu anakosekana pale.

Alichokuwa nacho ni maneno ya Baba mkubwa tu. Baba mkubwa ndiye aliyemlea Medan tangu akiwa mtoto wa kung'oka meno, na kila Boon Teik alipouliza habari za mama alijibiwa neno lilelile, "Mama yako yuko hekaluni, kule mtaani kwenu. Anafukiziwa kila siku. Usihangaike." Kisha mzee hugeuka upande wa pili. Baadaye nchi hizi mbili zikagombana, meli zikakatika, barua zikakatika. Meli ziliporudi, Boon Teik alikuwa na duka, ana watoto, ana kila sababu ya kusema mwakani.

Safari hii hakuja kwa ajili ya mama. Alikuja kama watu wote wa Medan wanavyokuja hapa kisiwani Penang, kutibiwa. Bintiye Meliana ndiye aliyemleta apasuliwe jicho. Ndege yao ya kurudi ilikuwa jioni ileile. Asubuhi hiyo Meliana alipopanga foleni ya dawa, yeye akasema anakwenda msalani, akatokea mlango wa nyuma na kupanda teksi.

Simu ikaita mfukoni.

"Baba, uko wapi?"

"Hapa hapa tu."

"Msalani bado?"

"Hivi vyakula vya hospitali, mwanangu," akasema, akakata.

Eng Kee akacheka hadi taulo likaanguka. Akamwelekeza: kushoto, ukipita ukuta wenye paka aliyechorwa ingia uchochoro, tokea upande wa pili, kushoto tena.

Boon Teik akaenda. Akaona paka, akaingia uchochoro. Upande wa pili akakuta milango, na kila mlango ulikuwa kama ule uliopita. Zile nyumba ndefu nyembamba zenye baraza la kupitia watu zilikuwa zimesimama vilevile, vigae vilevile vya maua, lakini ndani yake ilikuwa kama mtu amewahamisha watu wote na kuingiza wengine waliokosea anwani. Pale alipotarajia kumkuta muuza samaki wa chumvi kulikuwa na hoteli. Mlango wa pili, wasichana wanauza sabuni zenye umbo la keki. Wa tatu, kijana anawapigia watalii ngoma. Aliona kisima alichokikumbuka, akafurahi sana, akasogea. Kimefunikwa kioo na samaki wa dhahabu wanaogelea ndani. Alikwenda kushoto. Alikwenda kushoto tena. Jicho moja likamdanganya kwenye ngazi, akajikwaa, akashika nguzo, akaendelea, na alipoinua uso akamkuta mzee wa ukutani, yuleyule, kikombe mkononi, anamtazama.

"Umerudi kumwomba msamaha?" Eng Kee akapiga kelele kutoka ndani.

"Nimekwenda kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu? Ngoja." Akatoka, akamshika mabega na kumgeuza kama mtu anayegeuza mtungi. "Sasa nenda. Ukinusa vanila, umefika."

Na kweli, alifika kwa pua. Kilichomsimamisha ni ubao mweusi juu ya mlango, wenye herufi za dhahabu za kumtakia mteja maisha marefu. Ubao wa fundi wa majeneza. Utotoni alikuwa akipita chini yake mbiombio, macho kayafumba. Ulikuwa palepale, umepigwa rangi upya, na chini yake watu wamekaa wanakula keki kwa uma mdogo.

"Hapa si palikuwa pa majeneza?" alimwuliza msichana wa mlangoni.

"Hiyo leo hatuna, babu. Kuna ya chokoleti na ya duriani."

Akasimama pale, hajui acheke au alie. Juu ya duka hili, ghorofani, ndiko walikokuwa wakikaa yeye na shangazi yake.

Shangazi huyo hakupenda kumkumbuka. Alikuwa dada wa baba yake, ndivyo alivyojua, mwanamke mkavu aliyepika vitumbua vya mvuke na kuviuza njiani. Baba alikufa Boon Teik akiwa bado ananyonya. Mama alikuwa hekaluni, maana yake amekufa. Kwa hiyo akabaki na shangazi, na shangazi hakumtaka. Alimlaza mkeka wa peke yake, mbali na wake. Hakumbeba hadharani. Mtoto akimkimbilia, yeye hurudi nyuma. Kuna usiku Boon Teik alishikwa na homa kali, akamng'ang'ania kiunoni na kumwita mama. Shangazi alimpiga kofi la mdomo. Kisha akamwosha mdomo kwa maji ya majani ya balungi, yale ya kufukuzia mikosi, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama mtoto kala sumu.

Mwishowe akampeleka bandarini na kumkabidhi kwa Baba mkubwa. Mtoto alipanda meli, akageuka apunge mkono. Shangazi alikuwa amempa mgongo na kufungua mwamvuli. Hapakuwa na mvua, hapakuwa na jua. Mgongo ule na mwamvuli ule vilimkaa kooni miaka yote. Watoto wake walipomwuliza, aliwaambia ana shangazi mmoja wa Penang ambaye hataki hata kusikia jina lake.

Ubavuni mwa duka la keki palikuwa na uwazi usiozidi upana wa mkokoteni. Mwisho wake, mlango mwekundu.

Ndani kulikuwa na giza la moshi. Kuan Im, sanamu ya mungu wa kike wa huruma, alikaa juu ya meza yake, uso umekuwa mweusi kwa udi wa miaka. Mbele yake bibi mmoja mdogo, kipara kama kiganja, miguu peku, alikuwa akifagia majivu.

"Funga mlango, wenye keki wanaingiza nzi," alisema bila kugeuka.

Boon Teik akafunga. "Bibi, shikamoo. Nimekuja kumchukua mama yangu."

"Wote wanasema hivyo, halafu wakiona masizi wanaghairi. Mama yako nani?"

"Jina silijui." Hilo lilimtoka kwa shida. "Mimi ni Khaw Boon Teik. Tulikaa hapo juu kwa fundi wa majeneza. Nilipelekwa Medan nikiwa mdogo."

Fagio likasimama. Bibi akasogea hadi akawa chini ya kidevu chake, akamtazama.

"Boon Teik yupi? Yule aliyelala ndani ya jeneza?"

"Sijawahi kulala ndani ya jeneza."

"Ulilala! Mtaa mzima tulikutafuta hadi kwenye visima. Fundi akafungua jeneza la tajiri mmoja amwonyeshe mteja, ukakaa ukaomba maji. Mteja hakurudi tena." Akampiga kifuani kwa mpini wa fagio. "Mimi ni Saw Ean. Nilikuwa nakusugua masikio. Ona ulivyozeeka vibaya! Na jicho nalo?"

"Nimepasuliwa." Hakumkumbuka. Alikumbuka harufu ya randa na mbao mbichi, basi. "Bibi, mama yangu. Yuko wapi?"

"Si huyo hapo." Akaelekeza fagio juu ya meza.

Boon Teik akatazama. Akasogea upande, akachungulia nyuma ya Kuan Im. Palikuwa na buibui.

"Nyuma yake?"

"Nyuma yake kuna nini? Yeye! Huyo ndiye mama yako. Mpigie magoti basi, umechelewa vya kutosha."

Akaona labda uzee umemwingia bibi wa watu kichwani. Au dawa ya hospitali imemwingia yeye. "Bibi Saw Ean," akasema polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto, "mimi natafuta aliyenizaa. Mtu. Wa nyama."

"Usiniongeleshe kama kiziwi. Kwani hawakukwambia?"

"Hawakuniambia nini?"

Bibi akaweka fagio chini. Akakaa kwenye kigoda, akamwonyesha kingine.

"Baba yako alikufa hujamaliza miezi mitatu," alisema. "Mama yako akakimbilia kwa mpiga ramli. Ramli ikasema mtoto huyu nyota yake na ya wazazi wake zinagongana. Mmoja kesha kwenda. Akibaki huyu mwanamke kuwa mama yake, atakayefuata ni yeye au ni mtoto. Sasa unafanyaje? Unafanya kama watu wote walivyofanya. Mtoto akaletwa hapa, akapewa Kuan Im awe mama yake. Ukafungwa uzi mwekundu shingoni, mbele yangu. Unaukumbuka uzi?"

Aliukumbuka. Mkono ulikwenda shingoni wenyewe.

"Na yule aliyekuzaa akakatazwa kuwa mama. Asiitwe hivyo, asikubebe kama mama, asilale na wewe mkeka mmoja. Nyota zikitazama zione mtoto hana mama humo ndani ila shangazi."

Boon Teik alisikia maneno, moja moja, lakini hayakukaa pamoja. "Shangazi yupi?" akauliza.

"Mlikuwa na shangazi wangapi?"

"Yule muuza vitumbua?"

"Baba yako hakuwa na dada, mtoto wewe! Nani alikwambia alikuwa na dada?"

"Mimi... nilimwita shangazi. Mtaa mzima walimwita shangazi yangu."

"Mtaa mzima tulikuwa tunajua. Wewe ndiye uliyekuwa hutakiwi kujua."

Akasimama. Akakaa. Simu ikaita, akaitazama kama hajui ni kitu gani, ikanyamaza.

"Alinipiga," akasema. "Nilikuwa na homa. Nikamwita mama, akanipiga kofi la mdomo."

"Najua. Alikuja hapa usiku uleule, anauliza kama neno likishatoka linaweza kurudishwa."

"Bandarini alinipa mgongo. Akafungua mwamvuli!"

"Mwamvuli ule nilikuwa nimeushika mimi, maana mikono yake ilikuwa haishiki kitu. Ulikuwa umeugua mara mbili mwaka ule, akaona hata kuwa shangazi ni karibu mno. Akaambiwa mtoto avuke maji, naye asimwangalie akiondoka. Sasa mtu afanye nini na uso wake?"

Boon Teik alitaka kukasirika, lakini hakujua amkasirikie nani. Mpiga ramli keshaoza. Baba mkubwa je? Miaka yote ile, mama yako yuko hekaluni, yuko hekaluni.

"Baba mkubwa alinidanganya."

"Alisema nini?"

"Kwamba mama yuko hekaluni."

"Uongo uko wapi? Mmoja yuko juu ya meza. Wa pili alihamia chumba cha nyuma ulipoondoka, akawa anapika vitumbua vya sadaka hadi siku anakufa. Mama zako wote wawili walikuwa hapa. Unalalamika nini?"

Kila alichoshika kilikuwa kama kile kiti cha ukutani: anagusa mbao, ni mbao kweli, lakini mtu aliyekaa juu yake hayupo.

"Na kama si mimi?" akasema ghafla. "Bibi, watoto waliopewa Kuan Im walikuwa wengi. Labda unanichanganya na mwingine. Mimi sikumbuki kulala ndani ya jeneza."

"Nani anakumbuka usingizi? Muulize mwenyewe."

Akamwongoza hadi ukuta wa nyuma, ambako vibao vya wasio na watu vimepangwa safu kwa safu. Akatoa kimoja, akakifuta kwa upindo wa nguo. Masizi yalikuwa yamemeza herufi. Kwa jicho moja, katika giza lile, Boon Teik hakuona kitu ila ubao. Saw Ean akakiweka mezani, akawasha udi, akampa vile vipande viwili vya mti vya kuulizia, vyekundu, kama korosho mbili kubwa, kila kimoja bapa upande mmoja na mgongo upande wa pili. Boon Teik hakuhitaji kufundishwa. Kimoja kikilala bapa na kingine mgongo, ni ndiyo. Migongo yote juu, ni hapana. Bapa zote juu, unachekwa.

Akapiga magoti. Magoti yakalia.

"Mama," akasema. Neno lilikuwa geni mdomoni, hajawahi kulitumia kwa mtu. "Mama, ni mimi Boon Teik. Nimekuja kukuchukua ukakae na baba. Utakuja?"

Akarusha. Vikalia kwenye sakafu. Bapa zote juu.

"Anacheka," alisema Saw Ean.

"Anacheka nini?"

"Mimi nitajuaje? Mtazame ulivyo, na bandeji yako. Rusha tena."

"Mama, nisamehe nimechelewa. Utakuja?"

Migongo. Hapana.

Akaviokota. "Mama, nyumbani pana nafasi. Ubavuni mwa baba. Nimeisafisha mwenyewe."

Migongo tena. Hapana, na kimoja kikabiringika mbali kabisa, chini ya meza ya Kuan Im, kama kinamkimbia.

"Si yeye," Boon Teik akasema. Hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa ameshaanza kuamini. "Umeona? Si yeye. Au ni yeye na hanitaki, kama zamani."

"Au uzi," Saw Ean akasema, anawaza. "Ule uzi hufunguliwa mtoto akifika kumi na sita. Analetwa hapa, anashukuru, anarudishiwa mama yake. Wewe ulikuwa ng'ambo, meli hakuna. Hukufunguliwa. Mwaka ule alipika vitumbua vyako, vyekundu, akakungoja siku nzima."

"Basi nifungue sasa."

"Mimi? Anayefungua ni yule aliyefunga. Aliyefunga huyu hapa, kawa ubao. Mtoto wa miaka sabini, bado uko kifungoni!" Akacheka, meno hana. Kisha akaacha.

Boon Teik akajilaza kifudifudi, akapapasa chini ya meza akitafuta kile kipande. Palinuka majivu na mafuta ya nazi. Na pale chini, shavu likiwa sakafuni, ilimjia: yale maji ya balungi. Alivyokuwa akimwosha mdomo. Hakuwa akimwosha kwa hasira. Alikuwa akiliosha lile neno litoke, kabla halijamletea mtoto madhara. Kisha huyu mtoto amevuka maji, amekuja na jicho moja, amelirusha lilelile usoni mwake, mara tatu, kwa sauti kubwa, ndani ya hekalu.

Na yeye bado anakataa. Amekufa, na bado anakataa.

Akatoka chini ya meza, uso mweusi wa majivu. Akapiga magoti tena. Safari hii hakupaza sauti.

"Shangazi," akasema. "Ni Boon Teik. Sijambo. Nimekuja kukuchukua, Shangazi. Twende nyumbani?"

Akarusha. Kimoja kikaanguka bapa. Kingine kikasimama ubavu, kikazunguka kama pia, kikazunguka, kikalala mgongo.

Saw Ean alikwenda kutafuta kitambaa chekundu.

Walifunga kibao pamoja na majivu kidogo ya chetezo, na bibi akampa kijiti kimoja cha udi kinachofuka. "Hajatoka mtaa huu tangu ulipoondoka," alisema. "Kila njia panda mwambie. Kila daraja mwambie. Usimwache anashangaashangaa njiani. Na huko kwako, ukimwita, mwite hivyohivyo. Usijitie ujanja."

"Lakini ndiye, Bibi? Ndiye kweli?"

"Umeuliza, umejibiwa. Unataka nini tena, cheti?"

Nje mwanga ulimpiga jicho. Alikuwa hajafika hata mbele ya duka la keki teksi ikasimama na Meliana akaruka nje, mfuko wa dawa mkononi, nywele timtim.

"Baba! Nimekutafuta kila choo cha hospitali! Walinzi wameingia hadi vyoo vya wanaume kunitafutia! Mwenye duka la kahawa ndiye aliyeipokea simu yako akanielekeza huku, uliisahau kwake?" Kisha akaona uso. "Umeanguka? Nini hicho umebeba?"

Boon Teik akapapasa mfuko. Simu ilikuwemo. "Simu ninayo," akasema.

"Hiyo ni miwani, Baba."

Akatazama. Kweli, ilikuwa kasha la miwani. Sasa iliyoita kule hekaluni ilikuwa nini? Au haikuita? Akaona hilo nalo aliache.

"Twende tukachukue simu," akasema. "Tembea upande ule, usimbane." Akafika ukingo wa njia, akakikumbatia kitambaa chekundu, akainama. "Shangazi, tunavuka barabara. Ngoja kidogo, kuna baiskeli. Haya. Sasa."

Meliana akamfuata, mdomo wazi. "Shangazi gani? Yule wa mwamvuli? Si ulisema hutaki kusikia hata jina lake?"

"Ndiye."

"Dereva wa teksi aliyekuleta kaniambia ulimwambia unamfuata bibi yetu. Mama yako."

"Ndiye huyohuyo."

"Baba, sikuelewi."

"Hata mimi," alisema Boon Teik, na machozi yalikuwa yakimtoka jicho moja, na la pili likiuma chini ya bandeji. "Tukifika nyumbani nitakueleza nilichoelewa. Si kingi."

Wakapita ukuta wa paka. Wakakunja. Eng Kee alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, na alipoona kile kitambaa chekundu na udi unaofuka, alivua taulo begani na kuinamisha kichwa. Ng'ambo yake mzee wa ukutani alikuwa ameketi vilevile, kikombe mkononi, anawatazama wanavyokuja.

Boon Teik akasimama, akainama tena juu ya kitambaa.

"Shangazi," akanong'ona, "huyu usihangaike kumwamkia. Amechorwa."